CHOO CHA MWENZETU ALIYEVUNJIKA MGONGO NI KAZI YA CHAMA



Mikutanoni twasema mengi. Twasema habari za mishahara, za masaa ya kazi, za likizo na za pesa za nyumba. Mwenzetu akianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, au akiangukiwa na magunia bandarini, au lori likipinduka naye, habari zake twazisema pia. Twauliza yuko hospitali gani, twachanga pesa, twamwandikia mwajiri barua. Lakini liko jambo moja ambalo hatulisemi, nalo ndilo linalomtesa mtu aliyevunjika uti wa mgongo kila siku, hata baada ya kidonda kupona na wageni kuacha kuja. Jambo hilo ni choo.

Twajua wako watakaocheka. Wako pia watakaosema ya kwamba karatasi ya chama si mahali pa maneno kama haya, na ya kuwa haja kubwa ni siri ya mtu na watu wa nyumbani kwake. Sisi twauliza: kama chama hakiwezi kutaja jambo linalomfungia mwanachama ndani ya nyumba mwaka hata mwaka, chama ni cha nini? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo twayataja.

Maoni yetu ni haya. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kurudi kazini na kukaa na watu kama haja yake kubwa imewekwa katika utaratibu. Utaratibu huo hauji kwa bahati. Unataka vitu vinne: mafunzo, wakati, vyombo na mahali. Na vitu vinne hivyo ni haki ya mfanya kazi aliyeumia kazini. Si sadaka.

MWILI UMEPATWA NA NINI

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo umo mshipa mkuu wa fahamu. Mfano wake ni waya wa simu. Habari za ubongo hupita humo kwenda kwa viungo, na habari za viungo hupita humo kurudi kwa ubongo. Waya huo ukipondwa au kukatika, watu huona miguu tu imelala. Hawaoni ya kuwa kibofu na utumbo navyo vimekosa habari. Mtu hajui kama choo kimefika, hawezi kukizuia, wala hawezi kukisukuma. Utumbo wenyewe haukufa. Waendelea kusukuma chakula, ila polepole kuliko zamani, na kwa kuwa choo chakaa ndani siku nyingi, maji yake hunyonywa nacho huwa kigumu.

Tena yafaa kila mtu ajue ya kwamba kuna namna mbili. Mtu aliyeumia shingoni au kifuani, misuli ya njia ya haja kubwa hukaza, lakini ile nguvu ya mwili isiyongoja amri ya ubongo ingali hai. Ikiamshwa kwa kidole au kwa dawa ya kuingiza nyuma, utumbo hujikamua wenyewe. Mtu aliyeumia chini, upande wa kiuno, nguvu hiyo nayo imekatika. Misuli yake imelegea, dawa ya kuingiza nyuma haimsaidii sana, na choo hakina budi kutolewa kwa kidole taratibu, kila siku, pengine mara mbili kwa siku. Mpaka wa namna hizi mbili uko karibu na mfupa wa kwanza wa kiuno. Kwa hiyo ndugu wawili walioanguka kutoka ngazi moja, siku moja, waweza kuhitaji matunzo mbali mbali. Kila mmoja amwulize daktari wake: yangu ni namna gani? Na asiondoke hospitalini kabla hajajibiwa.

KAZI YA KILA ASUBUHI

Wengi hufikiri mtu huyu hana la kufanya ila kuvaa nepi na kungoja ajali. Si kweli. Utumbo hufundishika kama mtoto wa shule: hupenda saa moja na desturi moja. Anayeumia juu huchagua siku zake, kila siku au siku moja baada ya nyingine, na hushika saa ile ile. Hunywa kwanza chai ya moto au uji, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka, na robo saa au nusu saa baadaye ndio wakati mzuri wa kuanza. Husugua tumbo kwa kiganja: aanze chini upande wa kulia, apande juu, avuke kwenda kushoto, ateremke. Ndiyo njia ya choo chenyewe.

Halafu huingizwa dawa, ya glisarini au ya bisakodili, nayo iguse ukuta wa utumbo, kwani ikichomekwa ndani ya choo haifanyi kazi. Wakati wake ukifika, kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha huingizwa na kuzungushwa polepole sekunde 15 au 20, kisha watu hungoja dakika 5 au 10, na hurudia mpaka utumbo uwe mtupu. Kucha ziwe fupi, pete ivuliwe, na nguvu isitumiwe, kwa maana mwenye mwili hasikii maumivu ya kumwonya. Akiona damu nyingi asimamishe na aende kwa daktari. Kazi hii yote isipite saa moja. Ikipita saa moja kila mara, dawa au desturi yataka kubadilishwa, na mtu asikae akivumilia tu.

Kama anaweza kukaa, akae juu ya kiti chenye tundu, maana uzito wa choo wenyewe husaidia. Lakini kiti hicho kiwe na mto, na mtu asisahauliwe juu yake, kwa sababu matako yasiyosikia hupata vidonda upesi, na kidonda kimoja chaweza kumlaza miezi. Asiyeweza kukaa alale kwa ubavu wa kushoto.

Chakula chake ni kile chetu sisi wote: maharagwe, sukuma wiki, papai, uji, na maji ya kutosha. Aliyeumia juu atafute choo laini chenye umbo. Aliyelegea afadhali choo chake kiwe kigumu kidogo, kisitoke bila kuitwa. Na wote wawili wajue ya kuwa dawa nyingine hufunga choo, kama zile kali za kutuliza maumivu na vidonge vya kuongeza damu. Wasiziache kwa shauri lao wenyewe. Wamwambie daktari.

Hapa twataka kuonya juu ya kosa moja linalofanywa mara nyingi. Choo kigumu kikijaa na kuziba, maji maji hupenya pembeni na kutoka. Watu wa nyumbani huona nguo imechafuka, husema huyu anaharisha, wakampa dawa ya kuzuia kuharisha. Hapo wamefunga mlango uliokwisha kufungwa. Mtu wa uti wa mgongo akianza kutokwa na maji maji baada ya siku kadhaa bila choo, kwanza apimwe kama amezibwa.

HATARI INAYOTAKA WATU WA KAZINI WAIJUE

Aliyeumia kwenye mfupa wa sita wa kifua au juu yake ana hatari nyingine ambayo kila mjumbe wa wafanya kazi na kila mwenye sanduku la huduma ya kwanza apaswa kuijua. Kibofu kikijaa au choo kikiziba, mwili wake uliokatika chini hupiga kelele ambayo ubongo hausikii vizuri, na shindikizo la damu hupanda ghafula. Mtu huumwa kichwa sana kama cha kupasuka, uso huwa moto, jasho humtoka kichwani na shingoni. Shindikizo hilo laweza kupasua mshipa wa ubongo na kumwua.

Msimlaze. Mwinueni akae wima, mlegeze mshipi na nguo, mtazame kwanza kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, ndipo mfikiri habari ya choo. Wakati huo huo itwe gari la hospitali. Mwanachama mwenyewe achukue kadi mfukoni yenye maneno haya, kwani hata hospitalini wako wasiowahi kuiona hali hii.

AIBU NDIYO PINGU

Twaandika mambo haya waziwazi kwa sababu tumeona aibu inavyofanya kazi yake. Mtu aliyechafuka mara moja mbele ya watu huogopa kuchafuka tena. Basi akitaka kwenda mahali hali chakula tangu jana, wala hanywi maji. Choo kikazidi kukauka, mkojo ukawa mzito na kuleta maradhi ya figo. Mwisho huacha kwenda. Haji msibani, haji kanisani wala msikitini, haji mkutanoni kwetu. Nasi twasema, "Fulani amekata tamaa." Hakukata tamaa. Anaogopa njia isiyokuwa na choo.

Hofu hiyo si yake peke yake. Mwaka 2004 mtaalamu wa Marekani, Kim Anderson, alitangaza majibu ya watu 681 waliovunjika uti wa mgongo, waliotakiwa waseme wangependa nguvu gani ya mwili irudi kwanza. Waliolemaa mikono na miguu walitaja mikono. Waliolemaa miguu walitaja nguvu za ndoa. Lakini makundi yote mawili yaliafikiana ya kwamba kibofu na choo ni katika mambo makubwa. Wenye mwili wamesema. Wasiosikia ni sisi tunaotembea.

Na tusimsahau mtu wa pili, yaani anayesaidia. Mara nyingi ni mke, au mama, au binti aliyeacha shule. Huamka alfajiri kufanya kazi ya nesi bila mafunzo na bila mshahara, kisha aenda sokoni kutafuta chakula. Tena wako wanachama wanawake walioumia vile vile, na msaidizi wao hawezi kuwa kila mtu apitaye. Msaidizi ni mfanya kazi. Naye afundishwe kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, na wawe wawili, ili mmoja akiugua maisha ya mtu yasisimame.

Ya kwamba utaratibu humrudisha mtu kazini si ndoto. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa baada ya muda mfupi kwa maradhi ya mkojo na vidonda. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza idara ya watu hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alikataa kuwaacha walale wakingoja kufa. Aliwafanya wageuzwe kitandani kwa saa, kibofu na choo vitunzwe kwa saa, na kila mmoja afanye kazi na michezo. Michezo aliyoianzisha mwaka 1948 kwa watu 16 ndiyo iliyokuja kuwa Paralimpiki. Watu husifu mbio na medali, na ni haki. Lakini hakuna hata mmoja angalifika uwanjani kama habari ya choo isingaliwekwa sawa asubuhi ile.

Tangu siku zile njia zimezidi. Iko njia ya kuosha utumbo kwa maji yapitayo katika mpira wenye puto. Mwaka 2006 matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 87 katika nchi tano za Ulaya yalitangazwa, na walioitumia walipata nafuu kuliko waliobaki na njia za kawaida. Na kwa yule ambaye kila kitu kimeshindwa, iko operesheni ya kutoa choo kwa tundu la tumboni na kukipokea katika mfuko. Wengine huiona kama kushindwa. Sisi twasema mtu aliyekuwa akishinda chooni masaa matatu, sasa akamaliza kwa dakika chache, hakushindwa. Lakini mipira hiyo na mifuko hiyo ni ya kununuliwa mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo twafika kwa waajiri.

SHERIA, NA HESABU YA GLAVU

Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aliyelemazwa kabisa na ajali ya kazini ahesabiwe mshahara wa miezi 96. Aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa mia kwa mia, ni shilingi 1,920,000. Yaonekana ni pesa nyingi. Wako waajiri wanaolipa siku hiyo, wakapigwa picha wakitoa hundi, wakafunga faili.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Glavu jozi mbili kwa siku ni jozi 730 kwa mwaka. Dawa ya kuingiza nyuma siku moja baada ya nyingine ni zaidi ya 180 kwa mwaka. Ongeza mafuta ya kulainisha, sabuni, nepi za safari, shuka, kiti chenye tundu kinachovunjika, nauli ya kliniki. Kijana wa miaka 25 aweza kuishi nayo miaka 30 au 40. Miezi 96 ni miaka 8 tu. Nani atanunua glavu mwaka wa tisa?

Sheria hiyo hiyo yasema pia ya kwamba mwajiri alipe gharama zinazostahili za matibabu, za matunzo ya nesi, za dawa na bandeji, za safari ya matibabu, na za kutoa na kutengeneza vyombo vya mtu aliyeumia. Sisi twasoma maneno hayo na kuona ndani yake glavu, dawa ya choo na kiti chenye tundu. Mwajiri anayesema sheria hutaja magongo na miguu ya bandia tu hajaisoma mpaka mwisho. Mahakama ya Juu, mwezi wa Desemba 2019, iliamua ya kuwa sheria hii yapatana na Katiba, kwa hiyo kisingizio cha kuwa ina kesi kimekwisha. Mkumbuke dai lapelekwa katika miezi 12 tangu ajali, na asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga. Wengi wamepoteza haki kwa kungoja.

Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake. Kifungu cha 54 chataja hivyo hivyo kwa mtu mwenye ulemavu, pamoja na haki ya kupata vyombo vya kumwondolea vizuizi. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake. Maneno ni mazuri. Lakini choo chenye mlango mwembamba usiopitisha kiti cha magurudumu ni ubaguzi uliojengwa kwa saruji.

TUNAYODAI

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi liweke mambo haya katika mapatano yajayo na waajiri:

1. Mfanya kazi aliyevunjika uti wa mgongo kazini asitolewe hospitalini mpaka yeye na wasaidizi wawili wamefundishwa utaratibu wa choo na wameufanya wenyewe mbele ya nesi. Siku za mafunzo za msaidizi zilipwe na mwajiri.

2. Glavu, dawa, viti na mipira ya choo viandikwe kwa majina katika gharama za matibabu, vitolewe kila mwezi, wala visikatwe katika zile pesa za miezi 96.

3. Anayerudi kazini apewe saa moja au mbili za asubuhi bila kukatwa mshahara. Kama wengine huingia saa moja, yeye aingie saa tatu. Kazi za mezani, stoo, saa za zamu na simu hazihitaji miguu.

4. Kila mahali pa kazi pawe na choo kimoja chenye mlango mpana, vyuma vya kushika, maji, ndoo yenye kifuniko na mlango unaofungika kwa ndani.

5. Wenye huduma ya kwanza wafundishwe kumchukua aliyevunjika mgongo akiwa amelazwa sawasawa juu ya ubao, shingo isitikisike, na wafundishwe ile hatari ya shindikizo la damu.

Na liko dai la sita, ambalo si la waajiri. Ni letu. Kila tawi lina watu wake waliovunjika mgongo wanaokaa nyumbani. Wajumbe wawatembelee, nao wasiulize tu, "Habari ya afya?" wakajibiwa, "Nzuri," wakaondoka. Waulize kwa adabu, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke: ndugu, habari ya choo ikoje, nani akusaidiaye, glavu zipo? Tena ukumbi wa mkutano uchaguliwe ule ambao mtu wa kiti cha magurudumu aweza kuingia msalani. Kama ukumbi wetu wenyewe haumpokei, tutamwambia nini mwajiri?

Ndugu wafanya kazi, kila mmoja wetu anayepanda ngazi leo yuko hatua moja tu mbali na hali hiyo. Tusingoje tuanguke ndipo tujifunze. Jambo hili liwekwe katika mambo ya mkutano ujao wa tawi, lisemwe kwa sauti, na atakayecheka aachwe acheke mpaka amalize, kisha tuendelee.

UMOJA NI NGUVU.